UZI: Kichwa cha printa ya wino kimeziba. Pima kwanza, lowanisha taratibu, usisukume kwa nguvu

#1 Kitonetone

Wakuu, nafungua uzi huu ili majibu ya swali hili yakae mahali pamoja. Swali lenyewe kila mtu analijua: printa imekaa wiki tatu bila kazi, ukichapa inatoa mistari mieupe au rangi moja imetoweka kabisa. Wengi hukimbilia kubonyeza usafishaji (amri ya printa ya kujisafisha kichwa) mara kumi mfululizo. Kwa kufanya hivyo wino unaisha, sponji ya wino taka inajaa, na tatizo linabaki lile lile.

Matundu ya kichwa (nozeli) mengi yana kipenyo cha mikromita 20 hadi 30 hivi, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele. Maji yaliyomo kwenye wino yakikauka mdomoni mwa tundu, kinachobaki ni kitu kama gundi. Wino wa dai, ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, ukiupa maji tena huachia. Wino wa pigimenti ni chembe ngumu zinazoelea, mara nyingi zikiwa na utomvu wa plastiki wa kuzishikisha kwenye karatasi. Ukikauka kabisa, maji hulainisha pole pole tu, na chembe zilizoshikana hazirudi kuwa wino. Printa nyingi za ofisi hutumia nyeusi ya pigimenti na rangi tatu za dai, ndiyo maana nyeusi inaongoza kwa kusumbua.

Kabla hujalowanisha chochote, chapa karatasi mbili za kipimo cha nozeli (ukurasa wa vistari unaoonyesha matundu yapi yanatoa wino), moja baada ya nyingine, ziandike namba, zilaze pamoja uzilinganishe.

Mapengo yakiwa pale pale kwenye karatasi zote mbili, hayo ni matundu yaliyoziba. Mapengo yakihama, hiyo ni hewa kwenye njia ya wino, na kulowanisha kichwa hakutasaidia kitu. Ukurasa ukianza vizuri kisha rangi ikafifia kuelekea chini, kichwa kina njaa: kitundu cha hewa cha tangi kimezibwa, mrija umebanwa, au dampa (kile kichujio kidogo kilicho juu ya kichwa) imejaa uchafu. Na rangi zote zikitoweka kwa pamoja, tena mara tu baada ya kufanya usafishaji, usikilaumu kichwa. Rangi nne haziwezi kupatana zizibe saa moja. Hapo kuna shida kwenye kofia ambayo kichwa hukalia kikiegeshwa, au kwenye pampu inayovuta wino kupitia kofia hiyo.

Halafu jua una kichwa cha aina gani. Epson na Brother hutumia piezo: kijiwe kinajikunja kikipewa umeme na kusukuma tone. Kichwa kimefungwa kwenye gari linalokwenda kushoto na kulia, na hakikukusudiwa kutolewa na mtumiaji. HP na Canon hutumia joto: kinza (kipasha joto kidogo cha umeme) huchemsha wino, povu la mvuke linafukuza tone. Kwenye printa nyingi ndogo za kampuni hizo kichwa kiko kwenye katriji yenyewe, ile yenye bamba dogo linalong'aa chini na shaba mgongoni. Nyingine zina kichwa cha kuchomoa chenye katriji au mirija ya tangi juu yake.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kichwa cha joto hupozwa na wino wake. Ukiendelea kuchapa wakati wino haufiki, vinza vinaungua, na kilichoungua hakifufuki kwa dawa yoyote. Kwa hiyo kwa HP na Canon, rangi ikikata, acha kuchapa papo hapo.

Hatua za kulowanisha nitaziweka kwenye posti inayofuata.

#2 Kitonetone

Kichwa kilichofungwa (Epson zenye matangi na jamaa zake). Vifaa: maji yaliyokenekwa (maji matupu yasiyo na chumvi wala chokaa) au dawa ya kusafishia vichwa, bomba la sindano la 5 au 10 ml lisilo na sindano, kitambaa kisichotoa nyuzi, vijiti vya pamba, glavu, tochi.

Iamuru printa ichape, gari likishatoka kwenye maegesho yake upande wa kulia chomoa waya wa umeme. Sasa gari linasogea kwa mkono. Lisogeze taratibu kwa kushika chini karibu na mkanda, usiguse ule utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma yake. Utepe huo una mistari midogo ambayo printa huisoma ili kujua gari lilipo. Ukiupaka wino au mafuta ya vidole, printa itaanza kugonga pembeni na kutoa hitilafu.

Anza na kofia, yaani kile kisanduku chenye mdomo wa mpira ambacho kichwa hukalia kikiegeshwa. Weka 1 hadi 2 ml za dawa ndani yake, iache dakika 10. Pangusa mdomo wa mpira pande zote kwa kijiti cha pamba kilicholowana, kisha ulimi wa mpira (waipa) ulio kando yake. Unywele mmoja ukilala kwenye mdomo ule unatosha kuvujisha hewa, na hapo pampu itavuta hewa badala ya wino.

Kisha kunja kitambaa kiwe kipande cha upana wa sentimita 4 hivi na tabaka tatu au nne, kiloweshe kwa 2 hadi 3 ml. Kiwe kimelowana bila kudondosha. Kilaze kwenye njia ya karatasi na ulete gari juu yake. Acha dakika 20. Ukikitoa utaona mihuri ya rangi. Tazama vizuri: rangi iliyokuwa inakosekana ikiwa imeacha mstari wake, basi wino unafika hadi chini. Isipoacha alama yoyote, njia imefunga juu zaidi.

Rudisha gari kwenye kofia, washa, fanya usafishaji mmoja, chapa kipimo. Kimeboreka kidogo? Rudia kitambaa. Hakijabadilika baada ya usafishaji wa tatu? Zima kwa kitufe, acha saa 12. Hata miongozo ya Epson ya matangi inasema hivyo hivyo, na sababu ipo: muda huo unaipa dawa nafasi ya kulainisha na viputo vya hewa nafasi ya kupanda.

#3 Rimu_Moja

Mkuu, shukrani. Kuna kitu sijakielewa kwenye kitambaa. Karatasi ya jikoni si inatosha? Na hii ya kuburuta gari mbele na nyuma juu ya kitambaa, wengi wanaishauri.

#4 Kitonetone

@Rimu_Moja karatasi ya jikoni ngumu, isiyo na manukato, inafaa kwa kukalisha tu. Usiburute kichwa juu yake. Ikilowana hutoa nyuzi, na uzi mmoja ukining'inia chini ya kichwa unachora mstari wa wino kwenye kila karatasi. Kuburuta pia kunahamisha wino wa rangi moja kwenda matundu ya jirani. Kalisha, subiri, inua.

#5 MpiraNaPampu

Ulichosema kuhusu kofia nakiunga mkono, ila naomba nikiongezee jaribio, maana hapa ndipo watu hupoteza siku nzima.

Jaza kofia kwa dawa hadi karibu na ukingo, gari likiwa limesogezwa kando. Washa printa, fanya usafishaji mmoja, kisha chomoa tena na uangalie. Kofia ikiwa tupu, pampu inavuta. Kofia ikiwa bado imejaa, mrija unaotoka chini yake kwenda kwenye sponji ya taka umeziba, umechomoka, au pampu imechoka. Katika hali hiyo hata ukilowanisha kichwa wiki nzima, hakuna kitakachovutwa.

Mrija wa taka uliokauka unazibuliwa hivi: uchomoe chini ya kofia kama unafikika, unganisha bomba la sindano, sukuma 2 ml ya dawa ya uvuguvugu, vuta, sukuma. Kwa upande huu ukitumia nguvu kidogo si kosa, maana ni mrija tu. Nguvu zinakatazwa upande wa kichwa.

Tena kofia isiyomwaga ina ugonjwa wa pili. Wino mchafu unabaki ndani, kichwa kinakaa juu yake usiku kucha, na asubuhi njano inatoka kijani. Mtu anadhani kichwa kimepasuka ndani, kumbe kimelalia dimbwi.

#6 Tangi_Nne

Na printa yenye matangi ambayo rangi MOJA tu haitoki, nyingine zote nzima, kipimo hakionyeshi hata nukta ya majenta? Kitambaa kimewekwa mara mbili.

#7 Kitonetone

@Tangi_Nne kwenye muhuri wa kitambaa, mstari wa majenta ulikuwepo au haukuwepo?

#8 Tangi_Nne

Haukuwepo. Kuna mistari mitatu tu.

#9 Kitonetone

Basi usiendelee na kitambaa. Matundu yote ya rangi nzima hayazibi kwa usawa namna hiyo hadi lisibaki hata moja. Fuata mrija kuanzia tangini. Kiwango cha wino kiko juu ya alama ya chini? Kifuniko cha tangi kina kitundu cha hewa, je kiko wazi? Baadhi ya mifano ya zamani ya Epson zenye matangi ina kitufe cha kuzungusha ubavuni cha kufunga wino wakati wa kusafirisha. Kikiwa kwenye alama ya kusafirisha, wino haupiti. Kisha inua mfuniko, umulike mirija kwa tochi. Ukiona sehemu nyeupe ndefu kwenye mrija wa majenta, hiyo ni hewa.

Hewa ya mirijani huondolewa na usafishaji wa nguvu, ule ulio kwenye programu ya printa, tofauti na ule wa kawaida. Unavuta wino mwingi sana kwa mkupuo, kwa hiyo hakikisha matangi yote yana angalau theluthi moja, la sivyo utavuta hewa nyingine kutoka tangini na kuharibu rangi zilizokuwa nzima. Ufanye mara moja, kisha saa 12 za kupumzika kabla ya kuurudia.

#10 Sirinji10

Mnazunguka sana wakuu. Toa dampa, chomeka bomba la sindano kwenye chuchu (kijimrija cha kuingilia wino juu ya kichwa) ya rangi husika, sukuma 10 ml, kwisha habari. Dakika tano.

#11 MpiraNaPampu

@Sirinji10 dakika tano za kuzibua, au dakika tano za kuua kichwa. Ndani ya kichwa kuna tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja, na kila rangi ina chumba chake. Bomba la 10 ml ukilisukuma kwa dole gumba kwenye njia iliyoziba, msukumo hauna pa kutokea, tabaka zinaachana. Baada ya hapo majenta inaingia kwenye samawati na hakuna wa kuirudisha.

Kama ni lazima bomba, kuna njia mbili za kistaarabu.

Ya kwanza ni uzito wa maji wenyewe. Toa kisukumio cha bomba, bakiza ganda. Liunganishe na chuchu kwa mrija laini wa sentimita 3 hivi, uwe unabana bila kulazimisha. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa, mimina 2 au 3 ml za dawa kwenye ganda, ondoka. Kichwa kizima humwaga kiasi hicho kwa dakika chache. Kilichoziba kinaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na hapo ndipo dawa inapofanya kazi. Kikianza kudondosha, mimina 2 ml nyingine.

Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuvuta kutoka chini. Acha gari limekaa kwenye kofia yake, chomoa mrija wa taka chini ya kofia, unganisha bomba la 10 ml, vuta taratibu hadi upate wino. Unafanya kazi ile ile ya pampu, ila kwa mkono wenye kuhisi. Ukihisi bomba linarudi nyuma ukiachia, subiri, usilazimishe. Mvuto wa chini hauachanishi tabaka kirahisi kama msukumo wa juu.

#12 Sirinji10

Sawa, 10 ml kwa mkupuo nakubali ni nyingi. Ila kusukuma nusu ml, kusimama dakika mbili, nusu ml tena, hiyo ina shida gani?

#13 MpiraNaPampu

Haina shida mradi maji yanatoka chini. Yasipotoka, simama. Na kabla ya kuchomeka chochote, funika waya bapa unaoingia kwenye kichwa. Tone moja la dawa likitambaa hadi kwenye mdomo wa waya ule na ukawasha umeme, unaunguza kichwa na pengine saketi inayokiendesha kwenye bodi kuu. Hapo mtu hununua kichwa kipya, akakifunga kwenye bodi iliyoungua, nacho kikaungua.

#14 Kijiti_cha_Pamba

Mbona hamjataja dawa yenyewe? Kuna anayesema spiriti, mwingine maji ya kusafishia vioo, mwingine siki.

#15 Kitonetone

Haya ni maoni yangu, wengine watanipinga.

Ngazi ya kwanza: maji yaliyokenekwa, ya uvuguvugu wa nyuzi 40 hivi. Yanatosha kabisa kwa wino wa dai. Yale ya kuongezea kwenye betri yanafaa ikiwa ni maji matupu. Soma chupa mara mbili, kwa sababu tindikali ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Maji ya bomba yana chokaa na chumvi, yakikauka ndani ya tundu yanaacha kizibo kipya ambacho hakuna wino wa kukiyeyusha.

Ngazi ya pili: maji 90 ml, isopropili alkoholi 10 ml, matone machache ya gliserini ili mchanganyiko usikauke haraka. Alkoholi inasaidia maji kupenya. Haisaidii zaidi ukiizidisha.

Ngazi ya tatu, kwa pigimenti iliyokauka kweli: dawa ya dukani ya kusafishia vichwa vya wino wa maji. Nyingi ni za kialkali na zina vimumunyishi vinavyolegeza utomvu, kitu ambacho mchanganyiko wa jikoni hauna.

Siki, hapana. Wino mwingi wa pigimenti huelea vizuri ukiwa upande wa alkali, ukiutia tindikali chembe zinaweza kushikana. Asetoni na tina, hapana kabisa, zinakula gundi na plastiki. Sabuni ya vyombo inatoa povu na kuacha utando. Maji ya vioo yenye amonia yalitumika sana na yanafanya kazi kwa kiasi, lakini siku hizi chupa nyingi hazina amonia, zina manukato na rangi. Na amonia isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

#16 Kinza

Nakupinga sehemu moja tu: hata hiyo asilimia 10 ya alkoholi mimi ningeiacha kwenye kichwa cha pigimenti. Alkoholi kali huondoa maji kwenye wino na kuzifanya chembe zigandane, na mpira wa kofia ukiloweshwa mara kwa mara unakakamaa. Pale kwenye shaba za mawasiliano za katriji, sawa, hapo isopropili ndiyo mahali pake.

Sasa niwasemee wenye vichwa vya joto, maana uzi umeegemea upande mmoja.

Katriji yenye kichwa chake: chukua bakuli bapa, weka maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa kina cha milimita 3 hadi 5. Simamisha katriji bamba likiwa chini. Maji yasifike kwenye shaba. Dakika 5 hadi 10. Toa, ikandamize wima juu ya kitambaa kikavu kwa sekunde 10, inua moja kwa moja. Ya rangi tatu lazima iache mistari mitatu tofauti: samawati, majenta, njano. Mistari mitatu kamili, rudisha kwenye printa. Miwili, rudia bakuli. Mara tatu bila mabadiliko, ama sponji ya rangi ile ndani imekauka (katriji imekwisha, bila kujali printa inasema nini) ama imeungua. Usipanguse bamba kwa kuvuka kutoka rangi moja kwenda nyingine.

Shaba zikaushwe kabisa. Printa ikilalamika kwamba katriji ina kasoro mara tu baada ya kuosha, mara nyingi ni unyevu hapo. Itoe, iache saa mbili, jaribu tena kabla ya kuitupa.

Kichwa cha kuchomoa cha Canon: zima, toa katriji na uziegeshe midomo juu, inua komeo, toa kichwa. Kukiwa na mirija ya tangi, fuata mwongozo wa mfano wako kwanza, maana kuna vali ya kufunga kwenye baadhi. Juu utaona vyandarua vidogo vya kuingilia wino. Dondosha dawa matone mawili matatu kwenye kila kimoja. Chini, kikalishe kichwa kwenye maji kina cha milimita 5, badilisha maji kila yakijaa rangi hadi yabaki meupe. Saketi ya nyuma isiloe. Ikiloa, si mwisho wa dunia, ila ikauke kabisa: kandamiza kwa kitambaa, kisha iache saa 24 mahali penye hewa. Usitumie mashine ya kukaushia nywele kwa moto.

Hitilafu B200 kwenye Canon inahusiana na umeme au joto la kichwa. Ikitokea mara tu baada ya kuosha, chomoa umeme upesi na urudi kwenye kukausha. Usiwashe na kuzima ukibahatisha. Kichwa chenye shoti kinaweza kuondoka na bodi.

#17 Rimu_Moja

Vipi ile mashine ya kuoshea kwa mitetemo, kama ya miwani? Kichwa cha kuchomoa kinaingia vizuri tu.

#18 Kinza

Inazibua kweli, na pia inalegeza gundi. Sekunde 30, bamba tu ndani ya maji, kama jaribio la mwisho kabla ya kununua kingine. Kwa kichwa ambacho bado kinatoa nusu ya matundu, usijaribu.

#19 Nukta_Tatu

Swali dogo. Kipimo cha nyeusi kinakosa vistari vitatu, vingine vyote vipo. Usafishaji umefanyika, kitambaa kimewekwa, vitatu vile vile. Niendelee?

#20 Kitonetone

@Nukta_Tatu acha. Epson L3110, kwa mfano, ina matundu 180 ya nyeusi na 59 kwa kila rangi. Vitatu kati ya 180 kwenye barua au fomu hutaviona, hasa ukichapa kwa ubora wa juu kidogo, ambapo kichwa hupita sehemu moja zaidi ya mara moja. Kwenye rangi yenye matundu 59, vitatu vitaonekana kwenye picha.

Badala ya usafishaji, tengeneza ukurasa wa rangi moja iliyojaa: nyeusi tupu, au kwa namba za RGB njano (255, 255, 0), samawati (0, 255, 255), majenta (255, 0, 255). Chapa kurasa mbili tatu za rangi yenye shida, karatasi ya kawaida, ubora wa juu. Unatumia hasa wino wa rangi hiyo, na unaishia kwenye karatasi, si kwenye sponji ya taka. Vitundu vichache vikaidi mara nyingi hufunguka hivi baada ya siku kadhaa. Angalizo la Kinza libaki: kwenye kichwa cha joto fanya hivi tu kama rangi bado inatoka kwa sehemu kubwa.

#21 Tangi_Nne

Mrejesho. Kulikuwa na hewa kwenye mrija, sentimita 15 hivi. Usafishaji wa nguvu mara moja, kupumzika hadi kesho yake, majenta imerudi. Ila sasa njano ina vitone vya majenta ndani yake.

#22 MpiraNaPampu

Ni mabaki ya mkupuo. Chapa kurasa mbili za njano iliyojaa, kisha iache usiku mmoja na uchape kipimo asubuhi. Njano ikiwa safi, imekwisha. Uchafu ukirudi kila asubuhi, rudi #5 ujaze kofia na kupima kama inamwaga. Kofia ikiwa nzima na bado uchafu unarudi, hapo ndipo unaweza kuanza kushuku vyumba vya ndani.

#23 Kijiti_cha_Pamba

Na utajuaje kwamba si kuziba tena bali ni umeme?

#24 MpiraNaPampu

Linganisha maji na karatasi. Dawa inapita kwenye rangi hiyo bila kizuizi, muhuri wa kitambaa uko kamili kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, lakini kipimo hakina hata nukta moja ya rangi hiyo: kichwa hakirushi. Zima, chomoa waya bapa, kagua kama ncha zake zina wino au weusi wa kuungua, zipanguse kwa isopropili, zikauke, rudisha sawasawa bila kupinda. Ikiwa bado, ni kichwa au bodi, na dawa haina kazi tena hapo.

Dalili nyingine ni mpangilio. Kuziba hakuna adabu, mapengo hutawanyika ovyo. Mapengo yakiwa yamejipanga kwa umbali sawa, au nusu nzima ya mstari imekatika kama imekatwa kwa wembe, shuku umeme.

#25 Rimu_Moja

La mwisho kwangu: printa ya dai na ya pigimenti zinaweza kubadilishana wino? Na kama itakaa miezi miwili bila mtu?

#26 Kinza

Kubadilishana, hapana. Dai na pigimenti zikikutana ndani ya dampa zinaweza kuganda kama uji, na kizibo hicho kiko mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Miezi miwili: jaza tangi juu ya nusu, chapa kipimo kuhakikisha kila rangi ni nzima, zima kwa kitufe cha printa yenyewe, usubiri gari liegeshwe, ndipo uguse soketi. Ukizima ukutani kichwa kinaweza kubaki wazi katikati ya njia. Brother, na baadhi ya nyingine, ziache kwenye umeme, kwa sababu hujisafisha zenyewe kwa vipindi. Isikae mbele ya feni wala kwenye jua la dirishani. Ukirudi, anza na kipimo, usianze na usafishaji. Kukiwa na mapengo machache, kurasa za rangi iliyojaa kwanza. Na kabla ya yote hayo weka 1 ml ya maji yaliyokenekwa kwenye kofia, mdomo wake utakuwa umekauka.

#27 Kitonetone

Nyongeza kuhusu sponji ya taka, nilisahau. Kila usafishaji unaingia kwenye hesabu ya printa, na ikifika kikomo printa inagoma. Zipo programu za kurudisha hesabu kwenye sifuri, lakini haziikaushi sponji. Kama mfano wako una kisanduku cha matengenezo cha kuchomoa, badilisha kisanduku. Kama sponji iko ndani, itoe na kuibadilisha ndipo urudishe hesabu, la sivyo wino utatokea chini ya printa na kusambaa mezani. Na ukishamimina dawa nyingi kwenye kofia kwa siku moja, kumbuka imeishia humo humo. Weka gazeti chini.